Kashindye Kumi na Mbili

Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, ruta ya kumi na mbili iliitika, na fundi Kashindye akajimwagia chai ya moto mapajani asisikie hata maumivu.

Mtu mwingine angefurahi. Kazi ya fundi si ndiyo hiyo, ufunge ruta, iitwe, iitike? Na Kashindye hakuwa fundi wa kuokota. Kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa, uliza, utaambiwa. Huyu mtu alikuwa anapanda nguzo ndefu kama mjusi, bisibisi mdomoni, simu sikioni, anabishana na mke wake huku mikono inafunga waya. Mwaka fulani mvua ya mawe ilimkuta juu ya paa la shule pale Nyegezi, mawe makubwa kama mayai ya bata. Hakushuka. Alipigwa mpaka mawe yenyewe yakachoka. Shule aliishia darasa la tatu, lakini wahandisi wenye vyeti ukutani walikuwa wanampigia simu kumuuliza. Miaka ishirini na saba hajaangusha hata skrubu. Hilo alilisema kila siku, kwa kila mtu, hata kwa waliokuwa wanamuuliza njia tu.

Ngoja nikueleze ofisi yao ilivyokuwa inafanya kazi, maana bila hilo hutaelewa chai ilimwagika kwa nini.

Ofisi ilikuwa Kiseke, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye kampuni alikuwa Rahim, mtu mpole anayeongea polepole. Walikuwa wanapeleka mtandao mashuleni, kwenye nyumba za wageni na zahanati. Kila mahali wanafunga dishi juu ya paa na ruta ndani, kile kiboksi chenye vitaa vya kijani. Rahim alikuwa na utaratibu wake: kila ruta inapewa jina la fundi aliyeifunga, inabandikwa karatasi ya jina, ili ikizingua ajulikane wa kusemwa. Kazi ile ya kuzunguka ziwa ilikuwa na ruta kumi na mbili, zote za Kashindye. Zikaitwa Kashindye Moja, Kashindye Mbili, mpaka Kashindye Kumi na Mbili. Na alivyokuwa analipenda jina lake, alitembea wiki nzima kama bwana harusi.

Wa kompyuta alikuwa Hellen, binti mdogo mwenye miwani. Kabla yake, kujua kama ruta ziko hewani, walikuwa wanapiga simu kila mahali, vipi huko, mtandao upo? Hellen akaandika skripti. Ni mistari ya amri, kama hamsini hivi, aliiandika mwenyewe. Ukibonyeza, kompyuta inaanza kuita. Kashindye Moja, mara nne. Kashindye Mbili, mara nne. Iliyo hai inaitika, kioo kinaandika kijani. Iliyokufa inakaa kimya, kinaandika nyekundu. Na pembeni kuna namba inayoonyesha jibu limechukua muda gani kurudi. Namba ndogo, anayeitika yuko karibu. Namba ikifika elfu moja, hiyo ni sekunde nzima, jibu limetoka mbali kweli.

Asubuhi ile ruta kumi na moja ziliitika kwa tano, sita, nane. Ya kumi na mbili ikaitika kwa mia tisa na arobaini.

"Hii iko wapi, kuzimu?" Hellen akacheka. "Lakini imeitika. Hongera mzee Kashindye. Kumi na mbili kwa kumi na mbili."

Rahim akapiga makofi. Kashindye akayapokea yale makofi, akainama kidogo kama mchungaji, macho hayatoki kwenye ile mia tisa na arobaini.

Kwa sababu Kashindye Kumi na Mbili haikufungwa popote. Ilikuwa chini ya ziwa.

Ilianguka Ijumaa. Alikuwa kwenye feri ya Kamanga, anavuka kwenda kuifunga kwenye zahanati moja ya kijijini, ukishuka ng'ambo unapanda pikipiki nusu saa. Angekaa tu kimya kama abiria wengine. Lakini kulikuwa na watu wengi na wote hawakuwa wanamwangalia, na hiyo Kashindye hakuwahi kuiweza. Akaitoa ruta kwenye boksi, akaegemea chuma cha ubavuni, akainyanyua kwa mkono mmoja.

"Mnakiona hiki? Hiki kikikaa kwenye mkono wangu kinaruka ziwa zima. Samaki huko chini watapata bando."

Watu wakacheka. Akainyanyua zaidi. Feri ikakata wimbi la boti iliyokuwa inapita, na ile ruta ikamtoka mkononi. Haikupiga hata kelele. Ilizama kama kijiko kwenye ndoo.

Pembeni yake kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa, amekalia magunia yake, anaitwa Dorcas. Ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Baba, kitaje," akasema.

"Nitaje nini?"

"Kitu kikianguka humu, mwenyewe anasema mbele ya watu: kimeanguka, kilikuwa changu, nimekuachia. Kwetu kisiwani tunafanya hivyo hata kwa sufuria. Ukinyamaza, walioko chini wanakishika kama amana. Wanamtafuta mwenyewe."

Kashindye akaangalia abiria. Wengine walikuwa wameshaziba midomo kwa viganja. Miaka ishirini na saba ikamsimama shingoni. Akakohoa.

"Hakijaanguka kitu. Lile ganda tu, halina kitu ndani. Ruta yenyewe iko humu." Akapiga begi lake kofi.

"Lilikuwa na jina limebandikwa," Dorcas akasema taratibu. "Jina la nani?"

"Sijui. La huko kiwandani."

Mama yule akamtazama kidogo, akageuka, akaendelea kufunga gunia lake.

Ng'ambo, Kashindye akafunga dishi juu ya paa la zahanati, dishi zuri limenyooka, akashusha waya mpaka ndani akauacha unaning'inia ukutani. Nesi alikuwa mmoja tu, Evelina, ana miezi minne kazini. Ilikuwa siku ya kliniki, watoto wanalia, kina mama wamejaa mpaka nje. Kashindye akamletea karatasi ya kupokea mashine pale pale kwenye mzani wa kupimia watoto.

"Saini hapa mwanangu. Mashine naiweka sasa hivi, wewe endelea."

Akasaini. Hakuangalia. Nani angemshuku mtu mzima mwenye mvi?

Kurudi, Kashindye hakupanda feri. Alizunguka kwa daraja, njia ndefu, ili asiyaone yale maji. Njiani akapanga. Jumatatu skripti itaita, ya kumi na mbili itakaa kimya, yeye atasema radi imeiunguza, atapewa nyingine, ataifunga, yameisha. Nani atajua?

Ndiyo maana chai ilimwagika. Ruta iliyoitika huwezi kusema imeungua.

Evelina alipiga simu ofisini siku ya tatu. Mtandao haupo, na mashine yenyewe haioni. Hellen akabonyeza skripti. Kijani. Akampigia tena, akamwambia inaitika, angalia vizuri, labda imewekwa kwenye kabati. Nesi akaangalia. Hakuna kabati. Ikawa hivyo siku ya nne, ya tano, mpaka Rahim akakaa chini akafikiri kwa ule upole wake, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, maana kila alichosema kilikuwa na akili.

"Karatasi ya kupokea imesainiwa. Ruta iko hai, tunaiona inaitika. Lakini pale zahanati haipo. Basi kuna mtu kaihamisha." Akamgeukia Kashindye. "Fundi, uliifunga?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Alikuwa anaweza kupita, akatoka na aibu ya siku mbili tu.

"Kwa mikono hii, bosi," akasema. "Tangu lini mimi nikaacha kazi njiani?"

Rahim akaandika barua. Barua ikaenda kwa wakubwa wa nesi. Kikao kikapangwa Alhamisi ya wiki ya pili yake, saa tano asubuhi, pale pale zahanati, Evelina ajieleze ameipeleka wapi mali ya umma. Na alikuwa bado kwenye muda wa matazamio. Akishindwa kujieleza, kazi hana, na jina la mwizi linamfuata kila atakakoomba.

Usiku wake, hapana, jioni, jua bado lipo, simu ya Kashindye ikalia.

"Shikamoo baba. Ni Evelina wa zahanati."

"Marahaba."

"Baba, sikulaumu. Nisaidie tu kukumbuka. Siku ile uliniambia nisaini, mashine utaiweka. Mimi mashine sikuiona kwa macho, niliona dishi. Ukiwaambia hivyo tu, inatosha."

Kashindye alikuwa amekaa kibarazani kwake Butimba, mke wake Suzana anachambua mchele pembeni, anasikia. Akanyoosha mgongo.

"Mwanangu, mimi nilifunga. Kilichotokea nyuma yangu sikijui."

Kule upande wa pili mtoto wa mtu alikuwa anakohoa.

"Sawa, baba," Evelina akasema. "Asante."

Alisema asante. Kashindye aliweka simu chini, akamwambia Suzana wale wauguzi wa siku hizi si waaminifu, na Suzana akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Sasa kuhusu ile namba. Ilianza mia tisa na arobaini. Jumanne ikawa mia tisa na kumi. Jumatatu iliyofuata mia sita. Hellen alikuwa anaziandika kwenye daftari, na asubuhi moja akavuta kiti karibu na Kashindye, akaongea kwa sauti ya kanisani.

"Mzee, hii ruta inasogea."

"Ruta haitembei, binti."

"Najua haitembei. Ndiyo nakwambia."

Ijumaa ilikuwa mia mbili na sitini, na harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya magugu maji yaliyooza, ile ya ufukweni maji yanaporudi nyuma, nzito, yenye utamu wa kinyaa. Walihamisha kabati, wakatafuta panya aliyekufa. Hawakuona kitu. Rahim akanunua ubani.

Watu wanadhani jini ni la gizani. Hili lilikuja asubuhi, jua limewaka, chini dukani watu wananunua misumari. Jumatatu ya wiki ya kikao, saa mbili kasoro dakika moja, umeme ukakatika mtaa mzima. Vitaa vyote vya ofisi vikafa, feni ikapunguza, ikasimama. Kompyuta ya Hellen ilikuwa na betri, na skripti alikuwa ameitega ijiendeshe yenyewe saa mbili na dakika tano, na akasahau kuizima. Ikaanza. Kashindye Moja, nyekundu, haki yake, maana mitambo ya pale ofisini yenyewe ilikuwa imezimika, hakuna njia ya kutoka. Mbili, nyekundu. Tatu, nyekundu. Walikuwa wawili tu, Hellen na Kashindye, wanaangalia kama watu wanaoangalia maji yanapanda, mpaka kumi na moja, nyekundu.

Kumi na mbili, kijani. Arobaini na moja.

"Haiwezekani," Hellen akanong'ona. "Mzee, haina pa kupitia."

Skripti inaita mara nne. Likaja jibu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na Hellen akashusha pumzi akidhani yameisha, likaja la tano ambalo hakuna aliyeliita, na la sita, na namba inashuka, arobaini, thelathini na nane, thelathini na tano, na kwenye ukuta ile soketi ya waya wa mtandao ikaanza kutoa maji, si mengi, tone moja kwa kila jibu, tone, jibu, tone, jibu, yanateremka kwenye rangi ya ukuta yakiacha mstari wa tope la kijani, na kutoka ndani ya ile soketi, chini sana, kama mtu anayeongea ameziba mdomo kwa blanketi bichi, Kashindye akasikia sauti ya mwanaume inasema naam, naam, naam, na sauti ile aliijua kabla hajaikubali, maana alikuwa ameisikia miaka hamsini na mbili ikitoka kwenye koo lake mwenyewe.

Hellen akafunga kompyuta kwa nguvu. Sauti ikakatika.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu," Kashindye akasema. Hata hapo.

Kesho yake, Jumanne, likafika Butimba. Asubuhi Kashindye alikuwa chumbani anavaa viatu. Jirani yake Elias alikuwa anasimama kwenye uzio kila akitaka kitu, na siku hiyo alitaka msumeno.

"Kashindye, upo?"

Kabla Kashindye hajafungua mdomo, akajisikia anaitika nje.

"Nipo, jirani."

Sauti ilitoka upande wa simtanki, nyuma ya nyumba. Kashindye akabaki na kiatu kimoja mkononi. Akasikia Elias anaomba, akasikia ile sauti inampa, na inajigamba kidogo, huu msumeno wangu hata chuma unakata, vile vile ambavyo yeye angejigamba. Kisha Elias akashukuru akaenda. Kashindye hakutoka. Nakuambia ukweli, mtu aliyeshindana na mvua ya mawe alikaa chini ya kitanda, kiatu mguu mmoja, mpaka Suzana akaingia.

"Umepita wapi ukarudi?" Suzana akauliza polepole. "Nimekusikia nje sasa hivi."

"Nilikuwa hapa."

"Baba Modesta." Akakaa kitandani juu yake, akawa anaongea na godoro. "Elias karudisha msumeno. Anasema umelowa, na una majani ya ziwani, na mkono uliompa ulikuwa wa baridi. Anasema hataki tena. Wewe umefanya nini?"

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na alilisemea chini ya kitanda. Suzana alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alisema neno moja tu.

"Na yule mtoto akakuambia asante."

Jioni hiyo hiyo akampeleka kwa Salum, Mwaloni. Salum ni fundi wa injini za boti, mikono myeusi ya oili mpaka kwenye viwiko, na wavuvi wanajua akishafunga injini huwa anafungua na mengine. Hakuwasha udi, hakuvaa kitu. Alisikiliza huku anasugua plagi kwa kitambaa.

"Linaitika kwa jina gani?"

"Langu."

"Lote?"

"Lote. Kashindye."

"Nimetoa majini ya kila aina," Salum akasema. "Yanayopanda, yanayolala, yanayotaka manukato. Hili silitoi. Utamtoaje mtu kwenye jina ulilolitupa mwenyewe? Uliulizwa jina la nani, ukasema hulijui. Huko chini wakaona hili jina halina mtu, wakaliokota. Sasa kila siku asubuhi mnaliita, mara nne. Mgeni akiitwa mara nne kila siku, hatakuja?"

"Nilete mbuzi?" Kashindye akauliza. "Naleta hata wawili. Weusi."

"Mbuzi hakusema uongo."

Akaipuliza plagi, akaiangalia kwenye mwanga.

"Namba yenu leo ni ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Ikifika moja, atakuwa amekaa pale unapokaa wewe, na atakayeitwa na asisikike ni wewe. Nenda kwenye feri ile ile. Simama pale pale. Taja kilichoanguka, taja jina lako, taja uongo wako, kwa watu, kwa mdomo huo huo. Halafu vuka ukamwondolee yule binti mzigo. Ukimaliza nusu, umefanya kazi bure."

Jumatano akapanda feri. Akasimama pale pale, akafungua mdomo, akatoa hadithi moja tamu sana kuhusu fundi fulani wa Shinyanga aliyeangusha mashine majini. Watu walicheka mpaka wakalia. Akarudi nyumbani amesifiwa. Namba ikawa nne.

Ikawa Alhamisi. Saa mbili asubuhi feri ikang'oa nanga Mwanza. Kulikuwa na lori la saruji katikati, pikipiki, kuku kwenye matenga, na Dorcas amekalia magunia yake matupu. Kashindye akashika kile chuma cha ubavuni. Simu ikatetemeka, ujumbe kutoka kwa Hellen: *Mzee, leo ni moja. Naogopa kukaa humu ndani.*

Akasimama.

"Jamani," akasema. "Kulikuwa na fundi mmoja, anaitwa Kashindye."

"Naam," ikaitika sauti nyuma ya lori.

Watu wakageuka, wakacheka, wakadhani ni mchezo wa wawili. Yeye akaendelea, nini kingine angefanya, akasema huyu Kashindye alikuwa fundi mkubwa, na sauti ikasema naam, imepita tairi la kwanza, na chini ya lori, kwenye chuma kikavu kilichochomwa na jua, maji yakaanza kutambaa, meusi, yana majani, yanakuja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na ile harufu ikapanda mpaka kuku wakanyamaza kwenye matenga, na kicheko kikafa upande mmoja kisha upande mwingine, na kila alipojaribu kuruka lile jina ulimi ulirudi kulitaja, Kashindye, naam, Kashindye, naam, mpaka sauti ikawa nyuma ya sikio lake, na akahisi tone la maji baridi linadondoka kwenye ukosi wa shati lake, na mdomo wake ukawa unatembea lakini kinachosikika si chake.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema mimi.

Na hapa pia. Maana tangu mwanzo nimekusimulia kama vile Kashindye ni jirani yangu. Nimesimulia hivi mara nyingi, ulimi umezoea, ukifika kwenye aibu unakimbilia kwa yeye. Ni mimi. Mvua ya mawe ni mimi, na yenyewe haikuwa kubwa hivyo, nilishuka. Chini ya kitanda ni mimi. Yule aliyeambiwa asante ni mimi.

Nikalisukuma kooni kama mtu anayetapika mfupa.

"Ni mimi. Mimi ndiye Kashindye. Niliangusha ruta hapa nikijionyesha. Nikasema ni ganda. Nikakana jina langu. Kuna nesi ng'ambo anaitwa mwizi kwa ajili yangu, na alinipigia simu, na nikamkana na yeye." Nikageukia maji. "Kimeanguka. Kilikuwa changu. Nimekuachia."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Waliangalia miguu yao, kama unavyoangalia pembeni mtu mzima akivuliwa nguo mbele yako.

Kwenye ukosi wangu maji yakaacha kudondoka. Nikamwambia Dorcas, "Mama, naomba uniite. Jina langu."

Akainuka kwenye magunia. "Kashindye."

Nikabana pumzi. Nikasikiliza nyuma yangu, chini ya lori, ubavuni mwa feri. Injini tu. Dorcas akaniita tena, na tena, na mara ya nne nikaitika mwenyewe, naam, kwa kisauti kidogo ambacho sikukijua.

Simu ikalia. Hellen.

"Mzee, shikamoo. Ya kumi na mbili imegeuka nyekundu sasa hivi. Imezimika kabisa. Unajua iko wapi?"

"Najua," nikasema. Nikamwambia, na nikamwambia ampe simu Rahim, nikamwambia na Rahim.

Feri ikagusa Kamanga, mlango wa chuma ukashuka. Juu pale kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi alikuwa amesimama Evelina, amekuja kuwapokea wakubwa wa kikao, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, bahasha imebanwa kifuani. Akaniona natoka katikati ya watu. Hakujua bado. Alijua tu kwamba mimi ndiye fundi niliyemkana, na kwamba nina mvi.

Akapiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Nikaitafuta marahaba mdomoni mwangu. Haikuwepo.